Cazaly alikuwa na sentimita 180 tu. Aliwezaje kuwaruka majitu? (Mpira wa Australia, miaka ya 1920)

Baba Eliya #1
Wakuu, salaam. Nipo Melbourne, mwaka wa tisa huu. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 12 na amezama kwenye ule mpira wao wa umbo la yai, wa kudaka kwa mikono na kupiga kwa mguu. Jumamosi iliyopita kulikuwa na mzee mmoja pembeni mwa uwanja, fimbo mkononi, na kila mtoto akiruka kudaka yeye anapaza sauti: "Up there, Cazaly!" Yaani, juu huko, Cazaly! Wangu haitwi Cazaly, wala mwenzake yeyote kwenye timu. Wakati wa mapumziko nikamfuata nikamuuliza. Akanivutia kiti, akaongea mpaka king'ora kikalia.

Niliyoyapata kwake na niliyoyasoma baadaye ni haya. Roy Cazaly alizaliwa Albert Park, hapa hapa Melbourne, Januari 1893, mtoto wa kumi nyumbani kwao. Alicheza ligi kubwa ya Victoria, VFL, kuanzia 1911 hadi 1927, kwanza St Kilda halafu South Melbourne. Kazi yake hasa ilikuwa kuruka. Refa akiudundisha mpira katikati, au mwamuzi wa pembeni akiurusha kuurudisha uwanjani, warukaji wa pande mbili wanaugombea hewani. Yeye alikuwa mrukaji, na urefu wake ulikuwa sentimita 180. Enzi hizo hizo palikuwa na warukaji wa sentimita 190 na ushee. Lakini aliyebaki midomoni mwa watu miaka mia baadaye ni yeye.

Mzee wa fimbo anasema siri ilikuwa pumzi. Cazaly alivuta pumzi nyingi kifuani wakati anaondoka chini, na mwenyewe aliamini kwamba hiyo hewa ndiyo iliyomnyanyua. Mnasemaje?

Kijiti #2
Nimeshatandika mkeka. Wajuzi waje.

Kocha wa Mchangani #3
Baba Eliya, uzi mzuri. Mimi pumzi siifahamu, lakini hiyo habari ya Cazaly ina kipande ambacho mzee wako amekiruka. Alikuwa ametundika mpira kwenye dari la banda la nyumbani kwake, anaurukia kila siku. Mazoezi hayo ndiyo yaliyomfikisha pale.

Nasema kwa niliyoyaona. Nimefundisha voliboli ya shule Mbeya miaka 14. Hatukuwa na vifaa vya kupimia wala ukumbi. Nilichukua mpira uliokwisha, nikauweka ndani ya wavu wa vitunguu, nikaufunga kwenye tawi la mparachichi. Nilianzia usawa wa vidole vya binti mfupi kuliko wote akiwa amenyoosha mkono. Kila Ijumaa napandisha kamba upana wa vidole viwili. Mwezi wa kwanza unadhani wanaongezeka miguu nguvu. Sivyo kabisa. Wanajifunza mahali pa kuukuta. Mpira uliotundikwa hauendi popote, kwa hiyo mtoto akikosea anajua kosa ni la hatua zake: amekanyaga karibu mno, au mkono umetangulia mwili. Yule binti mfupi baada ya muhula mmoja alikuwa anawagonga mipira warefu wa shule jirani, kwa sababu yeye alifika juu wakati mpira unafika juu, wenzake wanafika umeshaanza kushuka.

Sentimita 180 zinatosha ukifika kwa wakati.

Ticha wa Fizikia #4
Kocha namuunga mkono. Hili la pumzi nalipinga kabisa, na hesabu yake inaingia kwenye kiganja.

Mtu akivuta pumzi kubwa anaingiza kama lita 5 za hewa. Lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi. Kwa hiyo amejiongezea gramu 6. Kifua nacho kimetanuka lita 5, na hewa ya nje inakisukuma juu kwa nguvu ya gramu zile zile 6. Jumla ni sifuri. Ungekuwa umevuta gesi ya puto labda tungeongea, na hata hapo gramu 5 kwa mtu wa kilo 80 ni nini? Mpira wenyewe una karibu nusu kilo.

Aliruka kwa miguu na mikono. Mikono ikirushwa juu kwa nguvu inaongeza mruko, hilo limepimwa sana.

Dada Nesi #5
Ticha, hesabu yako ni safi ila umeipeleka kwa mgonjwa mwingine. Hakuna aliyesema amekuwa puto. Ukivuta pumzi ukaibana, kiwiliwili kinakaza: tumbo, mgongo na mbavu vinakuwa kitu kimoja. Mbeba gunia sokoni anafanya hivyo kabla ya kunyanyua, mnyanyua vyuma hivyo hivyo, na mama anayejifungua tunamwambia "vuta, bana, sukuma". Miguu ikisukuma kiwiliwili kilicholegea, nguvu inapotea katikati. Kikikazwa, inafika juu yote.

Kwa hiyo Cazaly angeweza kukosea sababu na bado akapatia tendo. Wangapi wanakunywa dawa sahihi kwa imani isiyo sahihi na wanapona?

Ticha wa Fizikia #6
@Dada Nesi, hilo la kukaza nalikubali. Lakini basi kila mrukaji wa Melbourne alikuwa anakaza, maana mwili unafanya wenyewe bila kufundishwa. Haituelezi kwa nini yeye na si wengine.

Kipanga81 #7
Mbona mnahangaika, jamaa alikuwa staa wa miaka ya sabini, kuna wimbo wake kabisa. Hiyo raga ya Australia naijua. Alichukua makombe mengi na St Kilda.

Mkongo wa Wodonga #8
Jambo kwa wote. Kaka Kipanga, polepole, umekosa mara tatu kwa mistari miwili.

Moja: hii si raga. Ni mchezo wao peke yake, watu 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai kama mpira wenyewe, milingoti mine kila mwisho. Ukipitisha kwa mguu kati ya ile miwili mirefu unapata pointi 6, ukipita pembeni yake pointi 1. Sheria zao za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, kabla hata Waingereza hawajaunda chama chao cha soka.

Mbili: wimbo ni wa 1979, wa Mike Brady, na Cazaly alikufa Hobart mwaka 1963. Hakuusikia.

Tatu: kama mchezaji hakuwahi kuchukua ubingwa wa VFL. Hata mmoja. St Kilda ilifika fainali 1913 ikapigwa na Fitzroy, na ubingwa wake wa kwanza ilikuja kuupata 1966. South Melbourne ilikuwa bingwa 1918, yeye hajafika bado, halafu tena 1933, yeye ameshaondoka.

Mutoto wangu wa mwisho anacheza huku Wodonga, ndiyo nimeyajua haya. Ukikaa pembeni ya uwanja baridi ya Julai na wazee wao, chai ya moto mukononi, wanakueleza yote.

Kipanga81 #9
Nimekubali, Mkongo. Aksante kwa darasa. Nimechanganya wimbo na mtu.

Bin Seif #10
Niko Maskati, usiku umeingia, nimesoma uzi wote. Naongeza hesabu moja ambayo imenikaa moyoni tangu niione: St Kilda alicheza mechi 99. South Melbourne alicheza mechi 99. Jumla 198. Kote alikosa mia kwa mechi moja!

Na mabao yanasema jambo: 39 akiwa St Kilda, 128 akiwa South. Mechi ni zile zile 99. Mtu yule yule, mabao zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo anayeuliza "aliwezaje" inabidi aulize kwanza "aliwezaje *kuanzia 1921*". Pumzi alikuwa nayo tangu St Kilda, na miguu pia. Kuna kitu kilibadilika alipohama.

Mzee wa Kahawa #11
Bin Seif umegonga msumari. Hapo ndipo ninapotaka kukaa, vijana mnivumilie, mimi huyu mchezaji nimemsoma kwa miaka. Magazeti ya zamani ya Melbourne yapo wazi mtandaoni, Maktaba ya Taifa ya Australia imeyaweka, na mimi nikistaafu nilijipa kazi ya kuyasoma usiku.

Mwanzo wake haukuwa wa staa. Mwaka 1910 alijaribu Carlton, timu ya akiba, akaumia bega, akaondoka. Mwaka 1911 wachezaji wengi wa St Kilda wakagoma kwa ugomvi na viongozi wao, klabu ikaokoteza vijana ili isikose mechi, naye akaingia kwa mlango huo. Alikuwa na miaka 18. Pale St Kilda alikuta warukaji wakubwa: Vic Cumberland, ambaye alicheza mpaka akapita miaka 40, na Dave McNamara, jitu la sentimita 193 lenye shuti la kutisha. Halafu ikaja vita. St Kilda haikushiriki ligi 1916 wala 1917. Ndiyo maana miaka kumi ikatoa mechi 99.

Sasa 1921 anavuka kwenda South Melbourne, mtaa wa kwao. Pale anakutana na watu wawili: Fred Fleiter, waliyemwita "Skeeter", na Mark Tandy. Watatu hawa walikuwa wanafuata mpira popote ulipo, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Fleiter alikuwa ukuta. Aliweka mwili wake kati ya Cazaly na mpinzani, anakinga, anapokea viwiko, anapokea magoti. Cazaly anapata njia ya hatua mbili tatu bila kuguswa, anaruka. Tandy, mdogo wa mwili, yupo chini anazengea pale mpira utakapoangukia, anaondoka nao. Watu waliwaita watatu wa kutisha.

Na lile neno, Baba Eliya, lile la mzee wako wa fimbo, halikuanza kwa mashabiki. Lilikuwa la Fleiter. Yeye ndiye aliyekuwa akimpigia kelele Cazaly kila mpira ulipopaa: "Up there, Cazaly!" Majukwaa yakalidaka kutoka kwake.

Mimi nasema mrukaji alikuwa mmoja, ila mruko ulikuwa wa watatu. Fleiter hana wimbo. Hilo huwa linaniuma.

Kocha wa Mchangani #12
@Mzee wa Kahawa, shikamoo. Nimejifunza. Ila bado narudi kwenye mpira wangu wa kamba: Fleiter anaweza kukusafishia njia, hawezi kukufundisha kuukuta mpira juu. Wangapi wanawekewa ukuta na bado wanaruka kabla ya wakati?

Mzee wa Kahawa #13
Marahaba, Kocha. Na wangapi wanaruka vizuri mazoezini na siku ya mechi wanapigwa bega wakiwa bado wameinama? Mpira wako wa mparachichi hauna mpinzani anayekusukuma.

Nyota ya Lamu #14
Mbona hamuoni kwamba jibu lipo kwenye kelele yenyewe? Mimi kwetu ni watu wa majahazi. Marehemu babu alikuwa nahodha, na kupandisha foromali ile kubwa hakukuwa suala la nguvu, watu walikuwepo wa kutosha. Ilikuwa suala la kuvuta *pamoja*. Mmoja anaimba, wengine wanaitikia, na kamba inakwenda pale penye kuitikia. Ukivuta kabla, umejichosha bure. Ukivuta baada, umening'inia kwenye jasho la wenzako. "Harambee" imetoka kwenye kazi za namna hiyo, kabla ya kuwa neno la taifa.

Cazaly akijipanga kuruka macho yake yana kazi nyingi: mpinzani, ardhi, hatua zake. Fleiter amesimama, amemzuia mtu, anauona mpira vizuri. Anapaza sauti wakati ule ule wa kuondoka. Basi Cazaly hahitaji kubahatisha. Akisikia, anaruka. Hiyo si shangilio, ni amri ya saa.

Dada Nesi #15
Hii nimeipenda kuliko yangu.

Ticha wa Fizikia #16
Nyota, maelezo yako ni matamu, lakini sauti ikishatoka mpaka mwili ukaitika, sehemu ya tano ya sekunde imekwenda. Kwenye mruko hiyo ni nyingi.

Nyota ya Lamu #17
Mwalimu, anayeimba kwenye jahazi haimbi wakati wa kuvuta, anaimba *kabla* kidogo, anawavutia ndani ya wakati. Watu waliozoeana miaka mitano hawahitaji kuhesabiana sekunde. Njoo Lamu siku ya mashindano ya majahazi nikuonyeshe.

Wakili wa Uwanja #18
Naingia na kitu ambacho hakuna aliyekigusa: sheria. Mimi kila nikiona mchezaji wa zamani anasifiwa naangalia kwanza alicheza chini ya sheria ipi.

Miaka ya mwanzo ya Cazaly pale South, mpira ukitoka nje mwamuzi wa pembeni anaurusha juu kuurudisha, na warukaji wanaugombea. Kila mpira wa nje ni nafasi nyingine ya kuruka. Mwaka 1925 wakabadilisha: mpira ukitoka, timu iliyougusa mwisho inaadhibiwa, wapinzani wanapewa mpigo wa bure. Ilikaa hivyo mpaka 1939. Maana yake warukaji walinyang'anywa sehemu kubwa ya kazi yao.

Sasa tazama: miaka mizito ya Cazaly na Fleiter ni 1921 hadi 1924. Ndani ya dirisha la sheria ya zamani. Na 1925 yenyewe Cazaly hakuwa VFL, alikwenda Minyip, mji mdogo wa shambani huko Wimmera, kufundisha. Akarudi South 1926 na 1927. Mimi nasema kipaji kilikuwepo, ila sheria ndiyo iliyompa jukwaa.

Mkongo wa Wodonga #19
Wakili, hoja ni ya maana, lakini kuna kitu kinaipinga. Sheria hiyo walikuwa nayo warukaji *wote* wa ligi kabla ya 1925. Kwa nini majukwaa hayakuimba jina la mwingine?

Wakili wa Uwanja #20
Kwa sababu mwingine hakuwa na Fleiter wa kuimba. Hapo namrudishia Mzee wa Kahawa mpira wake.

Kipanga81 #21
Nimerudi, safari hii nimesoma kwanza. Inaonekana huyu Cazaly ndiye aliyeanzisha kuruka na kudaka juu ya vichwa vya watu, kabla yake walikuwa wanacheza chini tu. Hapo vipi?

Mzee wa Kahawa #22
Kijana, unakaribia lakini bado. Kudaka juu kulikuwepo kabla hajazaliwa. Collingwood walikuwa na Dick Lee, aliyecheza 1906 hadi 1922 akafunga mabao 707, na ipo picha yake maarufu ya 1914 yuko hewani juu ya mtu wa Carlton, magoti yamekunjwa, mpira umekaa mikononi kama kibuyu. Cazaly alikulia kwenye mchezo uliokuwa tayari unapenda watu wa juu.

Wa Kisumu #23
Wadau niaje. Hiyo Albert Park si ndiyo ile tunaona magari ya Formula One yakizunguka ziwa? Kumbe jamaa alizaliwa kwa paddock!

Baba Eliya #24
Ndiyo yenyewe. Uwanja wa South Melbourne ulikuwa pale pale ziwani, walikuwa wanauita Lake Oval. Ila timu haipo tena hapo. Ilihamia Sydney mwaka 1982, sasa ni Sydney Swans.

Wa Kisumu #25
Ngoja. Swans? Basi hii stori inafika kwetu buda. Aliir Aliir alizaliwa Kakuma, kambini, Turkana, 1994. Wazazi wa Sudan Kusini. Alianza kucheza ligi kubwa na Sydney Swans 2016, klabu ile ile ya Cazaly, halafu akaenda Port Adelaide, na 2021 akachaguliwa kikosi bora cha Australia nzima. Kazi yake ni gani? Kuruka na kudaka mipira ya wapinzani! Mtu wa Kakuma!

Nilikuwa Kakuma miaka miwili kwa kazi. Pale watoto wanacheza mpira wa kikapu kwa kiwanja cha vumbi, pete imepinda, jua kama tanuri. Nikimuona Aliir kwa video anapaa naona hao watoto. Huyo ndiye mrithi, msinibishie.

Mkongo wa Wodonga #26
Sikubishii. Ila Aliir amepita sentimita 190, kaka. Swali la Baba Eliya ni la mtu wa 180.

Wa Kisumu #27
Sawa, sawa. Lakini Kakuma iandikwe kwa huu uzi.

Mjukuu wa Askari #28
Jamani lile neno lilikwenda mbali. Vita ya pili, askari wa miguu wa Australia walikuwa wanalipiga wakishambulia kule Afrika Kaskazini. Mtu anatoka shimoni kuelekea kwenye risasi, anapaza jina la mchezaji wa mpira.

Babu yangu alikuwa KAR, alikwenda Burma na kile kikosi cha Afrika Mashariki mwaka 1944. Alikuwa akisimulia kwamba kupanda mlima usiku na mzigo, kwenye tope la mvua, kuna sauti moja walikuwa wanaitoa pamoja, haina maana yoyote, si neno la lugha yoyote. Akiitoa pale sebuleni sisi watoto tulikuwa tunanyamaza. Nikisoma habari za "Up there, Cazaly" nasikia ile sauti. Kwa hiyo niko na Nyota ya Lamu. Sauti inafanya kazi mwilini.

Nyota ya Lamu #29
Mungu amrehemu babu. Umenitoa machozi.

Mpenda Historia #30
Nitoke nje ya njia kidogo. Kuna wanaosema kuruka huku kumetoka kwa wenyeji wa Australia. Walikuwa na mchezo wao, marngrook, wa mpira wa ngozi uliopigwa juu na watu kuurukia. Tom Wills, mmoja wa walioandika zile sheria za 1859, alikulia magharibi ya Victoria kati ya watoto wa wenyeji. Je, si hapo?

Wakili wa Uwanja #31
Wanahistoria wanavutana vikali hapo. Upande mmoja unasema Wills aliyaona na kuyabeba. Upande mwingine unasema sheria za 1859 zimejaa michezo ya shule za Uingereza, na kurukia mpira juu kulikuja kushika kasi miaka mingi baadaye. Lakini jambo moja halina ubishi: Joe Johnson, mwenye asili ya wenyeji, alichukua ubingwa na Fitzroy 1904 na 1905. Walikuwepo uwanjani kabla ya Cazaly kuvaa viatu.

Mpenda Historia #32
Aksante, mkuu. Joe Johnson anastahili uzi wake. Nitaufungua.

Kijiti #33
Nilisema wajuzi waje, sasa wamejaa mpaka mlangoni. Swali dogo: baada ya kustaafu aliishia wapi? Wachezaji wetu wengi wa zamani tunajua wanavyoishia.

Mzee wa Kahawa #34
Hakustaafu, Kijiti, ndilo jibu. Kutoka South alivuka bahari kwenda Tasmania, Launceston kwanza, baadaye Hobart, anafundisha na bado anacheza. Akarudi kufundisha South 1937 na 1938. Mwaka 1941 alikuwa Camberwell, ana miaka 48, na bado anavaa jezi. Mwili wake aliutunza kama chombo cha kazi. Hobart alikuja kufanya kazi ya kukanda na kutibu viungo vya watu, na farasi wa mbio pia aliwafuga na kuwafundisha. Mwaka 1996 walipofungua jumba la heshima la mchezo wao, yeye alikuwa kati ya 12 wa kwanza kupewa daraja la juu kabisa.

Na Cairns, kaskazini kabisa huko kwenye joto, kuna uwanja unaitwa Cazalys.

Mkongo wa Wodonga #35
Na 1942 na 1943 alifundisha Hawthorn. Walikuwa wanaitwa kwa jina la maua, Mayblooms. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyewahimiza wajiite Hawks.

Wa Kisumu #36
Hawks ni kipanga! @Kipanga81 umepata klabu.

Kipanga81 #37
Nimefurahi sana, leo hii natafuta jezi.

Bin Seif #38
Kabla hatujasambaa: mabao 39 na 128 bado hayajaelezwa. Ukuta wa Fleiter unaeleza kuruka. Kufunga ni kingine. Mimi naona South walimruhusu kusogea mbele akishachoka kuruka, na mtu anayedaka juu karibu na milingoti ni bao.

Kocha wa Mchangani #39
Au alikuwa amekomaa tu. Mwaka 1921 alikuwa na miaka 28. Mrukaji anaiva hapo.

Baba Eliya #40
Wakuu, nimewasoma wote mara mbili. Jana nimefanya jambo. Nimetundika mpira gereji, kamba imepita kwenye boriti, na nimempa Eliya chaki kwenye vidole. Aliruka mara tano bila kuvuta pumzi, akagusa ukuta, akapumzika, akaruka mara tano akiwa amevuta na kubana kama Dada Nesi alivyosema. Alama zimepanda sentimita 2 kwenye zile za pumzi. Halafu mdogo wake, wa miaka 7, akasimama nyuma bila kuambiwa na mtu na kuanza kupiga kelele "Juu huko, Eliya!" Alama ikapanda sentimita 3 nyingine. Mruko mmoja tu, wa mwisho.

Ticha wa Fizikia #41
Baba Eliya, nakuheshimu, lakini mara tano za kwanza ndizo zilizompasha mwili joto. Ungeanza na za pumzi.

Dada Nesi #42
Ticha hakubali kushindwa.

Nyota ya Lamu #43
Sentimita 3 za kelele! Mimi nimelala salama leo.

Mzee wa Kahawa #44
Baba Eliya, rudia Jumamosi. Anza na za pumzi kama Ticha anavyotaka. Halafu mtafute mtoto wa jirani aruke naye kwa pamoja, na yule mdogo wa miaka 7 asipige kelele tu, asimame katikati yao akinge. Chaki ya rangi mbili, usisahau.

Baba Eliya #45
Mtoto wa jirani yupo, ana miaka 14 na ni mrefu kuliko mimi. Nitaleta majibu hapa hapa.